Chungwa la Bukavu na la Uvira: lipi lina vitamini zaidi?

SWALI: Ninauza machungwa katika soko la Kadutu. Yanayotoka Uvira ni matamu lakini ganda lina kijani; ya huku juu ni ya manjano, na makali. Wateja wengine wanasema ukali ndio vitamini, wengine wanakataa ya kijani wakidai ni mabichi. Nani anasema kweli? (Mama muuzaji, Bukavu)

JIBU: Hakuna, Mama. Ukali unatokana na asidi ya sitriki, ambayo hukaribia gramu 1 katika kila gramu 100 za chungwa. Vitamini C ni kama miligramu 50 tu, na ulimi hauwezi kuipima.

Uvira iko kwenye mita 800 hivi, Bukavu kama 1,500. Kila ukipanda mita 100 joto hupungua takriban digrii 0.6, kwa hiyo miji hii miwili imeachana kwa digrii 4 hivi. Katika joto la bonde la Ruzizi, upande wa Uvira, tunda hupumua kwa kasi usiku na mchana, likitumia asidi yake; huiva mapema na ukali hupotea. Huku juu asidi hubaki, tunda hukawia mtini, na mara nyingi ganda huwa nene. Baridi hiyo pia huihifadhi vitamini C, ndiyo maana machungwa ya mwinuko mara nyingi huwa nayo zaidi kidogo kuliko ya bondeni.

Kidogo tu, tunasisitiza. Chungwa lililokua upande wa jua lina vitamini na sukari zaidi kuliko lililojificha ndani ya majani ya mti huohuo. Na shehena iliyoanikwa juani sokoni siku kadhaa hupoteza faida yote ya mwinuko. Weka yako kivulini, penye hewa, si ndani ya gunia la plastiki. Mtu mzima anahitaji miligramu 45 kwa siku. Chungwa moja la wastani linatosha, liwe la Uvira au la hapa. Juisi ikamuliwe wakati wa kunywa, isichemshwe.

Kuhusu rangi: kijani cha ganda huondoka joto la usiku likishuka chini ya digrii 15 hivi. Uvira usiku hauna baridi hiyo, basi chungwa linaweza kuiva kabisa likiwa bado kijani. Mkatie mteja kipande aonje. Ukiwa kwa mkulima, chuma matano kutoka pande tofauti za mti, yapime, kamua, pima maji yake: yakiwa chini ya theluthi ya uzito, usinunue bado.

SWALI: Nimechuma machungwa mapema. Nikiyafungia pamoja na ndizi mbivu yataiva? (Mkulima, Kabare)

JIBU: Yatageuka rangi tu. Gesi ya etilini inayotoka kwenye ndizi huondoa kijani cha ganda, lakini chungwa halina wanga wa kugeuza kuwa sukari baada ya kuchumwa kama ndizi. Yaliyobaki mtini yaache, uonje moja kila wiki.