Re: Amri Abedi alimaanisha nini kusema shairi lazima liimbike?

Mdogo wangu, Sheikh Kaluta Amri Abedi kwenye kile kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha 1954 anasema shairi ni wimbo, lisipoimbika halina maana, na mizani (idadi ya silabi kwenye mstari) na vina (silabi zinazofanana sauti) ndo vinabeba huo wimbo. Mfano nikiwa huku Uyole asubuhi niandike "Mbeya baridi inauma", hesabu silabi, zinatoka tisa, ukiimba unajikwaa, ila nikisema "Mbeya baridi yauma, nipe shuka nijifunge" ni nane kwa nane na ulimi unateleza wenyewe, ndo maana watunzi wanakatakata maneno, sio mbwembwe.

Sasa hapo kwa mshairi Kezilahabi, diwani yake ya Kichomi imetoka 1974, jamaa akaviacha vina akataka lugha ya watu wanavyoongea, wazee wakawaka kweli kweli! Mi naona Amri alibana sana kwenye hilo, maana kuna mashairi ya Kezilahabi yanakuchoma bila kuimbwa, lakini kama ndo unaanza kutunga shika kwanza sheria za Amri, kuna vijana wanakimbilia mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani, sababu kuhesabu mizani kumewashinda tu.