Kamera haitainyoosha kofia iliyokaa vibaya

SWALI: Tumepata kamera ya 3D ya kuskani kichwa wakati wa EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) ya elektrodi nyingi, yaani vipokezi vinavyogusa ngozi ya kichwa, kutafuta chanzo cha kifafa. Je, tuache kupima kichwa kwa futikamba, maana programu itajua kila elektrodi ilipo?

JIBU: Hapana. Swali hili huja kila kamera mpya inapofungwa, na linaniumiza, kwa kuwa anayelipia njia hii ya mkato ni mgonjwa. Kamera hurekodi elektrodi ilipo. Haiirudishi mahali pake. Kofia inayoshika elektrodi ikipanda sentimita 2, elektrodi za chini pembeni huhama eneo la juu ya sikio, ambako kifafa cha watu wazima huanzia mara nyingi. Umeme ambao haukunaswa, hesabu haiwezi kuurudisha.

Pima kutoka mzizi wa pua hadi kinundu cha kisogoni. Ukipata sentimita 36, Cz, elektrodi ya utosini, iwe kwenye 18, na katikati ya masikio pia. Funga mkanda wa kidevu, tia jeli, shusha ukinzani kati ya elektrodi na ngozi uwe chini ya kiloohm 5. Elektrodi kavu na yenye jeli ni zilezile machoni pa kamera.

Ndipo uskani. Bandika alama mzizi wa pua na mbele ya kila sikio, kisha zunguka polepole. Mgonjwa akigeuza shingo, anza upya. Uso uonekane wote, kwani ndio utakaolinganishwa na MRI, picha ya kichwa inayopigwa kwa mashine ya sumaku: tumia paji la uso, pua na mifupa ya macho, lakini si masikio, maana vizuia kelele huyabana ndani ya mashine. MRI iliyofutwa uso kwa sababu ya faragha haifai.

Kumbuka pia kuwa kamera huona juu ya kishikio cha elektrodi, si ngozi. Pima kimo chake, programu ishushe alama kwa kiasi hicho. Nywele zilizosukwa zifumuliwe, la sivyo kofia inainuka na kimo hicho kinakuwa cha uongo.

Programu haikatai data mbovu. Itachora doa jekundu safi la kuonyesha chanzo cha kifafa hata kofia ikiwa upande, na daktari wa upasuaji ataliamini. Kwa hiyo anayewauzia picha ya simu na elektrodi chache kwa ahadi ya kuonyesha kifafa kilipo, mfukuzeni. Vilevile msikubali kichwa cha mfano kilichomo kwenye programu, badala ya MRI ya mgonjwa, kwa aliyewahi kufunguliwa fuvu: umeme hupita kwa wingi kwenye tundu la mfupa, na bila MRI yake mwenyewe doa litavutwa upande huo.