Kabla ya Kulipa, Geuza Ramani

Siku chache zilizopita kijana mmoja wa Mombasa aliniandikia ujumbe ulionirudisha nyuma kuliko alivyokusudia mwenyewe. "Shikamoo mzee wangu," alianza, "nimenunua ramani ya Afrika ya mwaka 1805 iliyopakwa rangi kwa mkono, na muuzaji amenihakikishia kwamba rangi zake ni za wakati ule ule. Naomba uniambie kama nimepata au nimepatikana." Aliambatanisha picha. Ramani ilikuwa nzuri mno: waridi, manjano, samawati na kijani, kila rangi imekaa ndani ya mpaka wake, inang'aa kama doti ya khanga iliyofunguliwa asubuhi ile dukani. Uzuri huo ndio ulionitia wasiwasi.

Nilimjibu kwa mstari mmoja: "Marahaba, mwanangu. Igeuze, kisha unipigie picha ya mgongo wake." Nilipokuwa nikisubiri jibu, nikaona si haki kumtaka kijana afanye jambo ambalo mimi sikulifanya nilipokuwa na umri mkubwa kuliko wake, na fedha nyingi kuliko zake, bila kueleza jinsi nilivyojifunza.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu, mzaliwa wa Tanga, na ramani za kazi nimezishika maisha yangu yote. Kwa sababu hiyo niliamini kwamba hakuna karatasi yenye mistari ya latitudo inayoweza kunidanganya. Mwaka 2009 nilikuwa London kwa mafunzo ya miezi mitatu, na Jumamosi ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani niliingia katika duka la ramani za kale ambalo sitalitaja. Ukutani palining'inia ramani ya Afrika ya John Cary, mchora ramani wa Kiingereza, yenye mwaka 1805 chini yake, ile ile aliyoiingiza baadaye katika atlasi yake kubwa ya mwaka 1808. Nilisimama mbele yake kama mtoto mbele ya duka la haluwa. Pwani yetu iliandikwa Zanguebar. Kilwa ilikuwa Quiloa, Malindi ilikuwa Melinda. Na katikati ya bara, kutoka magharibi kuelekea mashariki, ulipita ukuta mrefu wa milima: Milima ya Kong, ikaungana na Milima ya Mwezi, na yote imetiwa vivuli kwa uangalifu wa mtu aliyeipanda.

Hakuna aliyeipanda. Milima ya Kong ilianza kuonekana mwaka 1798 katika ramani ya James Rennell, aliyeichora kuufafanua msafara wa mpelelezi Mungo Park katika Afrika Magharibi, na wachora ramani waliofuata wakainakili kwa miongo mingi, hadi Mfaransa Louis-Gustave Binger alipopita sehemu zile kati ya 1887 na 1889 asiikute. Kwa mpima ardhi, kosa la namna hiyo ni tamu kuliko usahihi. Nikaitaka ramani ile kwa moyo wote, na muuzaji, ambaye kazi yake ni kusoma nyuso, aliuona moyo huo kabla sijafungua mdomo.

Akaniambia rangi ni asilia, yaani za wakati ule ule wa ramani. Sikuuliza amejuaje. Nililipa pauni 480, ambazo ndani yake zilikuwamo fedha za cherehani ya umeme niliyomwahidi mke wangu. Kuhusu mazungumzo yaliyofuata nyumbani sitasema zaidi ya kwamba cherehani ilinunuliwa mwaka uliofuata, na si kwa fedha zangu.

Kwa miaka kumi ramani ile ilitundikwa sebuleni, ikitazamana na dirisha la baharini. Kila mgeni alisimulizwa habari za Cary, za Kong na za Zanguebar, atake asitake. Kisha, mwaka 2019, alikuja mhifadhi wa karatasi kutoka ng'ambo kuendesha warsha ya siku mbili kwa watunza nyaraka, nami nikaalikwa kama mzee mwenye vitu vya kale. Nikaipeleka ramani yangu. Nitakuwa mkweli: sikuipeleka ikaguliwe, niliipeleka isifiwe.

Yule mama hakuitazama sura yake. Aliitoa katika fremu, akaigeuza kifudifudi, akaiinua mbele ya dirisha, na akakaa kimya kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu. Kisha akatuita sote tusogee. Mgongo wa karatasi ulikuwa mweupe kama maziwa, hata nyuma ya maeneo yaliyopakwa kijani. Katika mkunjo wa katikati, pale ramani ilipokuwa imekunjwa ndani ya atlasi, rangi ya waridi ilikuwa imezama kwenye ufa na kufanya mstari mweusi zaidi, maana yake brashi ilipita baada ya karatasi kuchakaa, si kabla. Na kwenye pambizo ya kusini palikuwa na kiraka kidogo cha karatasi kilichozibia mpasuko, nacho kilikuwa kimepakwa manjano pamoja na jirani zake. Karatasi ilikuwa ya kweli, mchapo ulikuwa wa kweli. "Imepakwa rangi baadaye," alisema, kwa sauti ya daktari anayetaja malaria. Akaongeza kwamba waridi ya upande wa dirisha imefifia, na hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe, si la muuzaji. Kijana mmoja nyuma yangu alicheka. Ningeweza kumtambua kwa kicheko hicho hata leo.

Tangu siku ile nimesoma mengi, na sehemu kubwa ya niliyosoma inarudi kwenye kitendo kimoja cha mikono: kugeuza karatasi. Sababu yake iko katika namna vitu hivi vilivyotengenezwa. Ramani ya mwanzoni mwa karne ya 19 ilichongwa kinyume juu ya bamba la shaba, mistari yake ikajazwa wino, kisha karatasi yenye unyevu ikakandamizwa juu yake kwa mashine nzito. Kwa hiyo ilitoka ikiwa nyeusi na nyeupe tu. Wachapishaji waliiuza hivyo kwa bei ya chini, au kwa bei ya juu baada ya kupakwa rangi za maji, kazi ambayo mara nyingi ilifanywa na wanawake na watoto waliozunguka meza moja, kila mmoja na rangi yake, wakifuata nakala ya mfano. Manjano yao mara nyingi ilitokana na utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, nyekundu ikatokana na wadudu waliokaushwa na kusagwa. Kijani, mara nyingi, ilikuwa kutu ya shaba iliyopatikana kwa kuiacha siki iile shaba. Shaba ikachapa ramani, na shaba hiyo hiyo ikaanza kuila. Kijani cha namna hiyo hupenya karatasi pole pole, hubadilika kuwa kahawia, na baada ya miaka 200 huacha kivuli upande wa pili kama doa la chai kwenye kitambaa cha meza. Mahali pengine karatasi huvunjika kabisa kwenye mstari wa mpaka.

Ndiyo maana ninawaambia mgeuze. Kivuli cha kahawia nyuma ya kijani ni shahidi asiyehongeka kirahisi. Kukosekana kwake peke yake hakutoshi kuihukumu ramani, kwa maana si kila kijani kilikuwa cha shaba, lakini kukosekana kwake pamoja na rangi iliyozama kwenye mikunjo kunatosha kukufanya urudishe pochi mfukoni.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilipata nafasi ya kuthibitisha kwamba nimejifunza. Katika mnada wa mtandaoni wa mji mdogo wa Uingereza, ndani ya fungu la karatasi zisizo na maelezo, niliona ukingo wa ramani ya Afrika yenye jina la Thomson. John Thomson wa Edinburgh alitoa atlasi yake kubwa ya dunia mwaka 1817, na kurasa zake ni pana, takriban sentimita 50 kwa 60. Karatasi ile ilikuwa mbaya kuitazama: ina madoa ya kahawia, pambizo zimeliwa, kijani chake kimegeuka rangi ya tope. Niliomba picha ya mgongo. Ilipofika, niliiona pwani yote ya Afrika kwa nyuma, imejichora yenyewe kwa kahawia, kana kwamba mtu ameipiga pasi ya moto. Nililala macho. Mnunuzi mmoja alinifuata hadi pauni 60, kisha akaniacha, na nikaichukua kwa 65. Habari za posta na forodha nawaepusha nazo. Mke wangu aliitazama alipoifungua akauliza kama hii ndiyo iliyotengenezwa vizuri au ni ile nyingine. Nilimwambia ni hii. Aliguna.

Nijuavyo, wengi mnaosoma hapa mnataka nilichokitaka mimi: kuiona Quiloa kwa macho yenu, juu ya karatasi ambayo ilikuwako wakati Kilwa yenyewe ikifanya biashara. Basi sikilizeni, na msisikilize kwa sikio moja. Mwaka uliochapwa chini ya ramani ni mwaka wa bamba, si lazima uwe mwaka wa karatasi. Bamba la 1805 liliweza kuchapa kwa miaka mingi baadaye. Inueni karatasi mbele ya mwanga mkaitafute alama ya maji, yaani ile chapa ya mtengenezaji iliyomo ndani ya karatasi, inayoonekana kwa mwanga tu. Kuanzia 1794, kwa sababu ya sheria ya kodi, watengenezaji wengi wa karatasi Uingereza waliweka mwaka ndani ya alama hiyo, na mkikuta Whatman, jina la mtengenezaji wa karatasi, pamoja na 1816 ndani ya ramani inayojiita ya 1805, mmejua jambo ambalo muuzaji hakuwaambia. Pitisheni kidole kwenye pambizo mkasikie ngazi ndogo iliyoachwa na ukingo wa bamba. Chukueni kioo cha kukuza: mistari ya shaba ni mikavu na imenyooka, na mkiona vitone vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa safu, mnatazama nakala iliyochapwa juzi, na bei yake ni ya bango la ukutani. Ulizeni imetoka wapi. Mkiona muhuri wa maktaba uliofutwa, au shimo dogo mahali muhuri ulipokuwa, ondokeni, maana ramani nyingi zimenyofolewa kwa wembe ndani ya vitabu vya watu. Na kabla ya yote hayo, geuzeni.

Nina jambo jingine, na hapa nitasema kwa ukali kwa kuwa limenikuta ndani ya ukoo. Shemeji yangu alipoiona ile ya Thomson alijitolea kuipeleka kwa fundi wa fotokopi ikatiwe plastiki kwa mashine ya moto, "isije ikaharibika." Msifanye hivyo. Joto na gundi havitoki tena, na karatasi ya matambara iliyovumilia miaka 200 itakuwa imeuawa kwa dakika moja na shilingi elfu mbili. Msibandike utepe wa gundi kwenye mpasuko. Msimruhusu mtu "kuihuisha" rangi. Msiitundike ikitazamana na dirisha, kama mpumbavu mmoja wa Tanga alivyofanya. Pwani kwetu unyevu ni adui wa kila siku, kwa hiyo fremu isigusane na ukuta wa nje, na nyuma yake iwekwe kadibodi isiyo na asidi. Ile ya Thomson iko kwenye ujia usiofikiwa na jua, na balbu yake huwashwa tu anapokuja mtu anayestahili kuonyeshwa.

Mara nyingine wageni hao huniuliza kwa nini nihangaike na ramani za watu ambao hawakufika. Huwajibu kwa habari ya mji wangu. Mwaka 1854 mmisionari Jakob Erhardt alikaa Tanga, akawasikiliza watu wa misafara waliokuwa wakienda bara na kurudi, na mwaka 1856 yeye na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann wakatoa ramani yenye ziwa moja kubwa la kutisha katikati ya Afrika. Maziwa matatu yalikuwa yameunganishwa kuwa moja, lakini ziwa lenyewe lilitoka midomoni mwa wenyeji wa njia zile. Mnaposimama mbele ya Cary au Thomson na kuona milima ya uongo mahali pale, kumbukeni kwamba walikuwapo watu wa kuulizwa.

Picha ya kijana wa Mombasa ilifika jana usiku. Haikuonyesha mgongo wa ramani. Ilionyesha kipande cha mbao nyembamba, na ramani imegandishwa juu yake kwa gundi kutoka pembe hadi pembe, kiasi kwamba hakuna awezaye kuigeuza tena bila kuipasua. Ameniambia risiti anayo, na kwamba muuzaji alimpa siku saba, ambazo mbili bado hazijakwisha. Nimemwagiza aende Jumatatu dukani kukifunguliwa, afuatane na mjomba wake, yule asiyepandisha sauti, na asikubali kubadilishiwa ramani nyingine ambayo nayo imegandishwa kwenye mbao.