Kabla hujaisifia membreni yako, piga kwanza hesabu ya presha

Juzi usiku kijana mmoja anayesoma masters kaniandikia kwa furaha kabisa: "Kaka, membreni yangu inapitisha hewa ukaa mara 70 kuliko naitrojeni, niandike peipa sasa hivi au nisubiri?" Membreni ni utando mwembamba wa kuchujia gesi, sisi tunautaka utenge hewa ukaa kwenye moshi wa viwanda. Nilikaa na hiyo meseji muda mrefu, maana miaka sita iliyopita aliyekuwa anauliza hivo ni mimi, na hakuna aliyenijibu.

Miaka miwili mizima niliifukuzia hiyo namba. Mlio kwenye hii kazi mnaijua ile grafu ya Robeson ya 2008, inayolinganisha membreni inapitisha gesi kiasi gani na inabagua mara ngapi, mstari wake ndo kikomo cha zilizopo, na kila mtu anataka nukta yake ikae juu ya mstari. Yangu ilikaa. Nilikuwa napima gesi za silinda, leo hewa ukaa peke yake, kesho naitrojeni peke yake, kavu kabisa, nyuzi 35, kila kitu kimetulia. Niliprinti ile grafu nikaibandika ukutani, na kwa kweli nilijivunia sana, nilikesha kwa ajili yake.

Kisha tukapewa nafasi kwenye bomba la moshi wa boila ya makaa ya mawe. Siku ya kwanza namba safi. Siku ya tatu mtiririko umeshuka nusu. Siku ya kumi na moja tukafungua moduli, yani kasha linaloshika membreni, nikaishika ile shiti ya membreni mkononi, upande wa chini imelowa, maji yameingia kwenye vitundu vya lile tabaka la kubebea, na juu kuna masizi laini, ukigusa kidole kinaacha alama. Tabaka lenyewe linalochuja halifiki hata mikroni 1, sasa likishafunikwa hivo litapitisha nini? Mkuu wa mradi akasema mbele ya watu wote, "Si ulisema iko tayari?" Hilo neno linaniuma mpaka leo.

Ila maji na masizi unaweza kupambana navyo, unapooza moshi, unauchuja kabla haujafika. Kilichonimaliza ni hesabu ambayo ningeifanya kwenye karatasi dakika tano tu. Moshi wa makaa una hewa ukaa kama asilimia 13, presha yake baa 1. Upande wa pili ukaweka vakyumu ya baa 0.2, uwiano wa presha ni 5. Hewa ukaa haivuki kwenda mahali ambako presha yake yenyewe ni kubwa kuliko ilikotoka, kwa hiyo kikomo chako ni 13 mara 5, yani asilimia 65, iwe membreni inabagua mara 70 au mara 700. Mi nilikuwa nimeahidi asilimia 95 kwa hatua moja, yani moshi upite membreni mara moja tu! Ili ufike huko unahitaji hatua ya pili. Ukisema ukandamize moshi wote, sehemu kubwa ya moshi ni naitrojeni, unalipia umeme kukandamiza gesi usiyoitaka.

Ndo maana nawaambia, ndugu zangu, kwa moshi wa namna hii ukishafika mara 30 au 50 acha kuikimbilia hiyo namba, kimbilia kasi ya kupitisha, maana kasi ndo inaamua utahitaji mita ngapi za mraba, na mita ndo hela. Pima gesi iliyochanganywa, sio moja moja. Weka mvuke wa maji, maana moshi wa kweli unao. Nasema tena, weka mvuke, usipime kavu ukadhani umepima. Na usipime leo ukaandika kesho, polima zenye nafasi nyingi ndani kama PIM-1 zinajibana zenyewe taratibu kadiri siku zinavyoenda, na filamu ikiwa nyembamba inazeeka haraka zaidi. Tusidanganyane na namba za siku ya kwanza jamani, huko viwandani kuna watu wanatuamini, wakishachomwa mara moja hawatafungua tena mlango kwa mwingine atakayekuja na membreni nzuri kweli.

Kijana nimemjibu asiandike kwanza. Achukue kile kipande kile kile, asitengeneze kipya, akipitishie mchanganyiko wenye mvuke mwezi mzima, apime kila asubuhi saa ile ile. Kasema mwezi ni mrefu. Nimemwambia anitumie namba za siku ya kumi na moja.