Keki ya boga isiyolemea: maswali yenu na majibu

Keki yangu ya boga juu imekauka, ndani tepetepe, hata nikiirudisha jikoni. Moto wangu una shida? (Msomaji, Soweto, Moshi)

Si moto, dada, ni maji. Karibu asilimia 90 ya boga bichi ni maji, na ukilichemsha unaliongezea mengine. Likate vipande vikubwa na ganda lake, toa mbegu, kisha lipike kwa mvuke au lichome kwenye oveni hadi uma uingie wenyewe. Kwangua nyama, iponde, halafu uirudishe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo huku unakoroga. Hapa ndipo wengi wanakimbilia mbele, na hapa ndipo keki inapoharibika. Pitisha mwiko katikati: njia uliyochora ikijaa maji, bado. Ikibaki wazi na boga limekolea rangi, epua, liache lipoe kabisa ndipo likutane na mayai.

Ukienda soko la Mbuyuni usichague boga kwa ukubwa. Mwombe mama muuzaji akukatie uone ndani: unataka nyama nzito, ya chungwa iliyokolea, isiyochuruzika.

Boga linaweza kuchukua nafasi ya mafuta yote? (Msomaji, Njiro, Arusha)

Linaweza, ila sikushauri. Mafuta ndiyo yanayozuia unga wa ngano usikaze, na keki isiyo nayo kabisa inavutika kama raba. Tena rangi ile ya chungwa ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, nayo hufyonzwa vizuri zaidi ikiandamana na mafuta kidogo.

Punguza nusu tu. Kwa vikombe 2 vya unga mimi naweka kikombe 1 cha boga lililokaushwa, robo kikombe ya mafuta ya alizeti, robo kikombe ya mtindi, mayai 2, bekingi poda vijiko 2 vya chai na chumvi kidogo. Nafuu unaipata palepale: gramu 100 za siagi zina kalori zipatazo 717, za boga bichi 26 hivi, za butternut (aina nyingine ya boga) kama 45. Sukari nayo ipunguze kwa robo, maana boga lina utamu wake. Ukizidisha hapo keki inakosa rangi na ulaini. Iliki na mdalasini zitafidia, na usizionee huruma.

Natumia vipimo vya dada yangu wa Moshi. Kwake inaumuka vizuri, kwangu inapanda kisha inadidimia katikati. (Msomaji, Sakina, Arusha)

Mko kwenye miinuko tofauti. Moshi ipo kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha ni kama 1,400. Huko kwenu hewa haikandamizi sana kama kwao, hivyo gesi ya bekingi poda inatanuka haraka na keki inapanda kabla haijashika. Badala ya vijiko 2 weka kimoja na nusu, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha unga, na usipige mayai mpaka yajae povu.

Baba yetu ana kisukari. Hii anaweza kula? (Msomaji, Moshi)

Mfikishie shikamoo yangu. Boga halifuti unga wala sukari; keki hii bado ni wanga, kwa hiyo kiasi chake akipange na mhudumu wake wa afya. Mimi ningemchomea vipande vya boga vyenye mdalasini na karanga chache zilizosagwa juu. Ni kitamu, na hakina unga wala sukari ya kuongeza.

Sina oveni, nina jiko la mkaa. (Msomaji, Kiboriloni)

Inatosha kabisa. Tumia sufuria nzito, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Mimina mchanganyiko usizidi vidole viwili kwa kina, kwa sababu boga huchelewa kuiva katikati. Usifunue mapema. Ukianza kusikia harufu ya iliki, chomeka kijiti. Kikitoka kikavu, epua.