Vishikwambi 12 kwa watoto 74: programu ziache kwanza

Mwalimu mwenzangu, umesema mfadhili amewaletea vishikwambi 12, Darasa la Pili lina watoto 74, intaneti ni bando la simu yako tu, na mwalimu mkuu anataka kujua mpango kabla hajavitoa kabatini. Wadau waliotangulia kwenye uzi huu wamekumwagia majina ya programu za kufundishia. Mimi nafundisha darasa hilohilo huku Muheza, mkoani Tanga, na vishikwambi tulikuwa navyo tangu kabla ya vile vya Sensa ya 2022 kupelekwa kwa walimu. Nitaanza na mambo yanayokwamisha, programu nitazigusa baadaye, kwa sababu kwa kweli hazijawahi kuwa tatizo langu kubwa.

Chaji. Mwalimu mkuu akikuambia vitamaliza umeme wa Luku, mpigie hesabu mezani. Kishikwambi chenye betri ya mAh 5,000 kinabeba takriban wati-saa 18.5. Vyote 12 ni wati-saa 222, na uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000. Yaani ukivijaza vyote kutoka sifuri hujafikisha hata robo ya uniti. Ongeza umeme unaopotea kwenye chaja, piga siku tano za shule, bado unacheza kwenye uniti moja na nusu kwa wiki. Pasi ya ofisini ikiwashwa saa moja inakaribia kula hiyo. Kama shule haina umeme, paneli ya wati 100 na betri yake inatosha siku za jua, ila wakati wa masika punguza matarajio. Kinachoua mradi ni waya za chaji. Zinakufa kabla ya vishikwambi, na nyingine zinaazimwa na watu wazima wenye simu zao. Ziandike namba kwa maki peni, zifungiwe, na funguo iwe kwa mtu mmoja anayejulikana.

Vumbi la chaki nalo usilipuuze. Linaingia kwenye tundu la chaji, kesho yake unadhani kifaa kimekufa. Kabla ya kupeleka kwa fundi, kizime, kisha chokoa tundu taratibu kwa kijiti cha meno kikavu.

Kugawa. Watoto 74 kwa vishikwambi 12 ni watoto sita kwa kimoja. Sita kwa kimoja maana yake mmoja anabonyeza, mmoja anaangalia, wanne wanagombana. Usithubutu. Gawa darasa makundi manne ya watoto 18 au 19. Kundi moja linashika vishikwambi wawili wawili, vinatumika tisa, vitatu vinabaki kwenye chaji. Kundi la pili liko na wewe na kitabu, mengine mawili yako na daftari na kazi ambayo hawahitaji kukuuliza kila dakika. Kwenye vipindi viwili mfululizo, dakika 20 kwa kundi, makundi mawili yanapata leo na mawili kesho. Kazi ya daftari iandae vizuri kuliko unavyoandaa kishikwambi, maana nidhamu ya darasa zima itaning'inia hapo.

Kelele je? Vishikwambi tisa vikitamka silabi kwa wakati mmoja, darasa linakuwa kama stendi ya mabasi alfajiri. Hedifoni za bei rahisi hazikai, waya unakatika palepale kwenye pini. Mimi hutoa nusu ya kundi barazani na sauti naiweka chini kabisa. Wawili wakiinamia kimoja wanasikia.

Sasa jambo lililonifanya niandike kirefu hivi. Kitu chenye manufaa kuliko vyote kwenye hivyo vishikwambi huenda tayari kimo ndani: kinasa sauti. Kama kifaa chako hakina, kamera ya video inafanya kazi ileile ukiielekeza kitabuni, tena utaona na kidole cha mtoto kinavyofuata mstari.

Fikiria kazi yetu ilivyo. Ukimsikiliza kila mtoto akisoma kwa dakika mbili tu, 74 wanakula dakika 148. Hivyo ni vipindi vitano, na muda wote huo 73 wengine wanarushiana vipande vya chaki. Kwa hiyo tunawasikiliza wa mbele, wanaonyoosha mikono, na watoto wa walimu wenzetu. Wa nyuma tunakuja kukutana nao siku ya upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), mtoto amekaa peke yake mbele ya mpimaji na kifungu hakijui.

Ninachofanya ni hivi. Wanne wanakwenda chini ya mwembe na kishikwambi kimoja, pamoja na mwanafunzi wa darasa la juu wa kubonyeza. Kila mmoja anataja jina, anasoma dakika moja, anampisha mwenzake. Darasa zima kwa wiki ni kama saa moja na robo ya kusikiliza. Nasikiliza jioni nikichambua mboga, na wa wiki iliyopita waliosoma vizuri nawaruka bila hatia.

Utashangaa utakayoyasikia. Kuna watoto wanaosoma kitabu cha kiada bila kukosea, na kumbe wameukariri ukurasa kwa kuusikia. Wape ukurasa ambao hawajawahi kuuona, sauti inakatika. Kuna wanaotamka kila silabi sawasawa, mwa-na-fu-nzi, wakifika mwisho mwanzo umeshawatoka, wanabuni neno lolote lililo karibu. Hao hawana shida ya herufi, wana shida ya kasi, na dawa yake ni kurudia sentensi fupi mpaka zilainike. Wengine wanakwama kwenye ng', mbw na nyw. Ukisikia "kunywa maji" imesomwa kwa namna ambayo darasa zima lingeangua kicheko, ujue cha kufundisha kesho asubuhi ni nini. Makundi yangu ya kusoma nayapanga kwa sauti hizi, si kwa alama za mtihani.

Na mtoto mwenyewe akijisikia? Wengi huomba kurudia kabla sijasema neno. Mtoto ambaye ukimsahihisha mbele ya wenzake ananywea, akijisikia mwenyewe anajirekebisha bila aibu. Wazazi nao, mwambie mzazi mwanao kapata 38, ataguna tu. Msikilizishe mwanawe alivyosoma Februari na anavyosoma Juni, uone atakavyokaa vizuri kwenye kiti.

Waarifu wazazi kwenye kikao kabla hujaanza kurekodi. Sauti zibaki kwenye kifaa, zisipelekwe kwenye kundi lolote la WhatsApp hata kama mtoto kachekesha, na mwisho wa muhula zifute. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sauti na sura za watoto hazikuachwa nje.

Haya, programu. Sisi wa Tanga tuna historia na hili. Kati ya 2017 na 2019 programu za kujifunzia za shindano la Global Learning XPRIZE zilijaribiwa mkoani kwetu, vijiji kama 170, watoto karibu 3,000, wengi wao hawajawahi kukanyaga shule. Kila mtoto alipewa kishikwambi chake, na vituo vya kuchajia kwa jua vikawekwa vijijini. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Washindi walikuwa wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10, na programu za washindani watano wa fainali zikaachiwa huria kwa yeyote. Ndiyo maana unazipata bure zikiwa na Kiswahili cha kwetu, si kile cha kutafsiriwa na mashine ambacho mtoto anaambiwa "gonga sahihi kuendelea mbele" na hajui afanye nini.

Ila soma vizuri hapo: mtoto mmoja, kishikwambi kimoja, miezi 15. Wewe una dakika 20 kila baada ya siku moja, na wanashika wawili. Usimwahidi mwalimu mkuu matokeo ya Tanga.

Ushauri wangu: chagua moja tu ya KKK kati ya hizo, ikae muhula mzima. Kila ukibadilisha programu, wiki nzima inaisha watoto wakijifunza vitufe. Ya pili iwe ya hadithi. African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili zenye leseni huria, unazipakua siku una bando na zinasomeka bila mtandao, na hizo ndizo kurasa ngeni za kutumia kwenye kinasa sauti. Katuni za Ubongo Kids na Akili and Me, za Dar es Salaam, watoto wanazipenda sana, lakini ni za kutazama. Waonyeshe Ijumaa. Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) ina vitabu vya kiada, hiyo ni ya kwako wewe unapoandaa somo. Kolibri aliyoitaja mdau hapo juu, mfumo wa masomo yanayosomwa bila intaneti, ni nzuri, ila kwa hali yako ingefaa kompyuta moja iwe mama wa vingine vyote, na masomo ya Darasa la Pili kwa Kiswahili si mengi. Iache mpaka mzoee.

Michezo ya bure yenye matangazo usiiweke kabisa. Kuna ya kuhesabu ambayo mtoto akikosa mara mbili analetewa tangazo la kamari. Weka hali ya ndege, kisha tumia "kubandika programu" iliyo kwenye mipangilio ya usalama ya Android kuanzia toleo la 5, na uwashe kipengele chake cha kuomba namba ya siri, mtoto hatoki mpaka uiweke. Namba ya siri usimtajie kiranja. Atawaambia.

Kuandika kubaki kwenye daftari na penseli. Kidole kwenye kioo hakimfundishi mtoto kukandamiza wala kukaa kwenye mstari, na programu nyingi zinapokea herufi iliyoanzwa chini kwenda juu kana kwamba ni sawa.

Uliuliza pia kama watoto waende navyo nyumbani. Kwa 12, hapana. Lakini visifungiwe ofisini vikisubiri mgeni. Kenya ilisambaza vifaa zaidi ya milioni moja kwa shule za msingi kuanzia 2016, na magazeti yao yameandika mara nyingi kuhusu shule zilizovifungia stoo kwa hofu ya wizi. Kamati ya shule ikubaliane mapema, kwa maandishi, kwamba kioo kikipasuka mwalimu hakatwi mshahara. Bila hilo hakuna mwalimu atakayevigusa, na sitamlaumu.

Ukiingia tena kwenye uzi, taja toleo la Android na hifadhi iliyobaki kwenye kimojawapo. Programu za KKK zenye sauti na picha nyingi zinataka nafasi, na kwenye kifaa cha GB 8 sidhani ya KKK na ya hadithi zitaingia pamoja.