Maswali ya Wasomaji: Sanduku la Jikoni kwa Safari za Kambi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na familia yangu, jumla watu watano, tuna desturi ya kwenda kupiga kambi Karatu na Serengeti wakati wa likizo za shule. Vyombo vyetu tunavibeba kwenye ndoo na mifuko, na kila tunapofika jioni tunahangaika kutafuta kiberiti, chumvi na upawa huku watoto wana njaa. Nataka kumpa seremala kazi ya kutengeneza sanduku moja litakalobeba jiko letu zima na ambalo likifunguliwa litakuwa meza ya kupikia. Nimweleze vipimo gani, na atumie mbao za aina gani? – Msomaji, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, usimpe fundi kipimo chochote kabla hujavitandaza vyombo vyako vyote mkekani na kuvipanga kwa jinsi utakavyovihitaji ukifika kambini. Sanduku la jikoni hupimwa kutokana na vitakavyowekwa ndani yake, na kasoro ninayoikuta mara nyingi kuliko zote ni kwamba lilitengenezwa kubwa mno, likajazwa vitu ambavyo havijawahi kutumika safarini, hatimaye likawa halibebeki na likaachwa stoo. Chagua sufuria tatu zinazoingiana, kikaango kimoja, birika, sahani na vikombe vya bati kwa idadi ya watu wenu, mwiko, upawa, visu viwili na kibao cha kukatia. Kinu kibaki nyumbani, na vitunguu saumu visagwe kabla ya kuondoka. Mbuzi ya kukunia nazi, kwa wale wasioweza kula wali mkavu, inaingia vizuri iwapo ni ya kukunja, lakini ulimi wake wa chuma ufungwe kwa kitambaa kinene, kwani barabara mbaya ikianza kuutikisa utachana kila mfuko wa unga ulio karibu.

Kwa familia ya watu watano, sanduku lenye urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 45 linatosha, na vipimo hivyo vina faida nyingine: ubao mmoja wa plaiwudi wa kawaida, wenye sentimita 244 kwa 122, hutoa pande zote sita na kubakiza ukanda mrefu wa kutengenezea vigawanyo vya ndani. Kabla ya kukata, pima pia nafasi iliyopo nyuma ya gari kati ya vifuniko vya magurudumu, pamoja na jiko lako lenyewe, kwa kuwa majiko ya gesi ya mafiga mawili hayalingani urefu.

Mwambie fundi atumie plaiwudi inayostahimili maji, ile ambayo wauzaji wengi huiita marini, yenye unene wa milimita 12. Sanduku tupu la vipimo hivyo litakuwa na uzito wa takriban kilo 15. Ukichagua unene wa milimita 18 utavuka kilo 20 kabla hujaweka hata kijiko. Lengo liwe kwamba sanduku likishajaa lisizidi kilo 40, yaani watu wazima wawili waweze kulishusha bila kuumiza migongo. Kwa sababu hiyo maji hayamo katika hesabu yake, kwani dumu la lita 20 peke yake lina kilo 20.

Mahali pa kusimama juu ya fundi bila kumwonea haya ni kwenye viungo. Barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda Naabi, lango la kuingilia Serengeti, ni ya vumbi na mara nyingi ina mawimbi mawimbi yanayotikisa gari kwa mwendo wa saa nzima na zaidi, na mtikisiko wa namna hiyo huing'oa misumari kidogo kidogo hadi pembe zinaachana. Kila pembe ya ndani iwekewe kijiti cha mbao cha mraba chenye unene wa sentimita mbili na nusu, kipakwe gundi ya mbao, kisha plaiwudi ikazwe juu yake kwa skrubu zilizotobolewa njia kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke. Mishikio ya kubebea isitegemee skrubu hata kidogo. Ifungwe kwa bolti zinazopenya ubao mzima, na upande wa ndani kuwe na washa pana, yaani pete bapa za chuma, pamoja na nati zenye pete ya plastiki ambazo hazilegei kwa kutikiswa. Nimeona mshikio wa skrubu ukichomoka na kutoka na vipande vya ubao wakati sanduku lilikuwa limeinuliwa usawa wa kiuno, na sufuria ya maharage ikamwangukia mbebaji kwenye vidole vya mguu.

Upande wa mbele ndio mlango, nao ufungwe chini kwa bawaba ndefu ya mstari mzima na uzuiwe na minyororo miwili, ili ukiteremshwa ulale sawasawa na kuwa meza ya kukatia mboga na kupakulia. Hata hivyo minyororo pekee haitoshi, kwa kuwa ukiweka sufuria iliyojaa kwenye ukingo wa meza hiyo, sanduku lote laweza kupinduka mbele, hasa linapokuwa limeanza kuwa tupu siku ya mwisho. Kwa hiyo wekeni miguu miwili ya kukunja chini ya ukingo. Sanduku lenyewe likae juu ya viegemeo viwili vya mbao vinavyokunjwa kama miguu ya kitanda cha safari, vyenye kimo cha kati ya sentimita 80 na 85, maana anayepika akiwa ameinama siku tatu mfululizo hatatamani kurudi kambini.

Kuhusu wazo lako la meza ya kupikia, ninakushauri jiko lisafiri ndani ya sanduku lakini lisiwashwe ndani yake wala juu ya mlango wake. Plaiwudi na vanishi vinashika moto, na upepo wa kambini hulaza mwali upande usioutarajia. Jiko liwe na stendi yake fupi ya chuma pembeni, mkono wa kulia wa mpishi, au wa kushoto kama anatumia shoto.

Kingo za plaiwudi ndizo zinazonyonya maji, hivyo zipigwe msasa na kupakwa vanishi mara tatu, ile ya kwanza ikiwa imezimuliwa ili ipenye. Ndani paka rangi nyeupe, kwa sababu usiku ukimulika kwa tochi utaona chumvi iko wapi na utamwona sisimizi kabla hajafika kwenye sukari. Acha sanduku wazi hadi harufu ya rangi iishe kabisa, la sivyo unga utaibeba. Kuzunguka mlango weka ukanda wa mpira wa kuzuia vumbi, na makomeo yawe ya kubana na yenye tundu la kufuli, kwani nyani hufungua kifuniko kilichoegeshwa tu pasipo shida yoyote. Usiku sanduku lisilale nje: liingie garini, au katika jengo la jikoni pale kambi inapokuwa nalo, kama zilivyo kambi za umma za Seronera, Serengeti.

SWALI: Nimeshatengeneza sanduku langu na ninapanga kwenda Tsavo. Vyakula vikavu nivihifadhi katika nini ili visimwagike? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Tumia makopo ya bati ya mraba au mikebe migumu yenye vifuniko vya kukaza, kwa kuwa vyombo vya mraba havipotezi nafasi kama vya duara, na uandike jina la kilichomo juu ya kifuniko ikiwa sanduku lako linafunguka juu, au ubavuni ikiwa linafunguka mbele, ili ulione bila kukitoa chombo. Mchele na maharage vinaweza kukaa katika mifuko ya kitambaa cha marekani. Mifuko ya plastiki ya kubebea isahau: Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na ukivuka mpaka kuingia Tanzania utakuta marufuku kama hiyo iliyoanza tarehe 1 Juni 2019. Aidha, tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, vikombe na sahani, haziruhusiwi katika hifadhi za Kenya, na hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea sahani za bati. Mafuta ya kupikia yasafiri wima katika kigawanyo chake, chupa ikiwa imezungushiwa taulo la jikoni ambalo mtalihitaji hata hivyo.

SWALI: Je, ninaweza kuacha nafasi ya mtungi mdogo wa gesi ndani ya sanduku? – Msomaji, Dodoma.

JIBU: Hapana. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja ndani ya sanduku lililozibwa vumbi itatuama chini kimyakimya ikisubiri kiberiti. Vilevile kilo 6 zilizoandikwa kwenye mtungi ni za gesi peke yake, na chuma chake huongeza uzito unaokaribiana na huo, kwa hiyo hesabu yote ya ubebaji itavurugika. Mtungi usafiri wima, umefungwa kwa mkanda na valvu yake imefungwa, madirisha ya gari yakiwa wazi kidogo. Ukifika, unganisha mpira kisha upake povu la sabuni kwenye maungio: povu likitoa mapovu mapya, funga valvu na usiwashe jiko hadi ukaze upya na kupima tena. Na mvua ikinyesha, pikieni chini ya turubai lililo wazi pande zote, wala msiingize jiko ndani ya hema.